Namna ya Kuua Mtambo wa Maji Bila Mtu Kusikia

Pampu ikifa, kijiji kizima kinajua kabla ya saa mbili asubuhi. Ndoo zinapangwa foleni, mwenyekiti anapigiwa simu, fundi anatafutwa. Chujio likifa hakuna foleni. Maji yanaendelea kutoka, tena maangavu, na watoto wanaendelea kunywa. Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuua mtambo mdogo wa kusafisha maji, uwe wa jikoni, wa shule au wa kijiji cha watu elfu mbili, umechagua kazi nyepesi. Huhitaji nyundo wala kuiba nyaya. Unahitaji miaka miwili mitatu na watu wasiopima. Nakueleza hatua zote bila kuficha, maana nataka kila mjumbe wa kamati ya maji, kila mwalimu mkuu na kila mama mwenye ndoo ya koki aone mapema mahali ambapo mkono wake unaweza kutumika.

Kazi inaanza siku ya uzinduzi. Mwenge wa Uhuru ukipita, au mgeni rasmi akikata utepe, hakikisha risala inataja gharama ya ujenzi na idadi ya wanufaika, isitaje bei ya klorini ya mwezi mmoja wala jina la atakayeipima. Yapo mazoea ya zamani yatakayokusaidia. Mpango wa maji vijijini wa mwaka 1971 uliahidi kila Mtanzania maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, na tangu hapo tumekuwa hodari wa kuhesabu mita na vituo vya kuchotea. Mita hazichoki; ubora wa maji huchoka. Basi maji yapimwe siku hiyo moja, cheti kiwekwe kwenye fremu ofisini kwa mtendaji, na kila atakayeuliza mwaka wa tatu aonyeshwe hicho hicho. Kinachosemwa humo ni kweli, ila ni kweli ya mchanga ambao haujaziba, taa iliyotoka kwenye boksi na mkaa ambao haujajaa.

Kwa chujio la udongo la nyumbani, yaani chungu kinachokaa ndani ya ndoo yenye koki, usihangaike na vijidudu. Likitunzwa, linachuja kwa miaka. Watafiti waliofuatilia machujio ya aina hiyo vijijini Kambodia, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, walikuta kwamba yaliyokuwa bado yanatumika yalifanya kazi yake. Shida ni kwamba kila mwezi uliopita karibu asilimia 2 ya kaya ziliacha kuyatumia, na sababu kubwa ilikuwa kuvunjika. Silaha yako, basi, ni ukosefu wa vipuri. Leta machujio 500 kwa lori moja, gawa bure, ondoka. Koki ikivuja au chungu kikipata ufa, lisipatikane duka la kununua kingine hata makao makuu ya wilaya. Chungu chenye ufa kinapitisha maji haraka kuliko kizima, na mwenye nyumba atafurahi kwamba chujio lake limechangamka. Mfundishe pia kukisugua kwa sabuni, ili sabuni iingie kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Akishachuja, achote kwa kata iliyokuwa imelala sakafuni.

Chujio la mchanga lina uhai ndani yake, kwa hiyo linauawa kwa njaa au kwa sumu. Juu ya mchanga hukua utando wa vijidudu wenye faida, ambao hunasa na kula vijidudu vya maradhi, na utando huo huchukua siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, kukomaa. Katika aina ya nyumbani iliyobuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, maji ya kimo cha sentimita 5 hivi hubaki juu ya mchanga muda wote ili utando usikauke na wala usikose hewa. Usitegemee life lenyewe. Katika bonde la Artibonite, Haiti, uchunguzi wa kaya 107 uliochapishwa mwaka 2006 uliyakuta machujio haya yakiondoa asilimia 98.5 ya bakteria wa kinyesi baada ya wastani wa miaka miwili na nusu ya matumizi. Unalazimika kusaidia. Safiri wiki tatu bila kumwachia mtu kazi ya kumimina maji. Au mimina maji yaliyokwisha kutiwa klorini, kwa nia njema kabisa, ukidhani unasafisha mara mbili. Au toa mchanga wote kila mwezi na uuoshe mpaka uwe mweupe.

Kwenye mtambo wa kijiji unaochukua maji ya mto, subiri masika. Mto unashuka na tope, mchanga unaziba, tenki linapungua, watu wanaanza kulalamika. Hapo ndipo pa kutafuta valvu ya mchepuko, ile inayopeleka maji ya mto moja kwa moja tenkini. Waliojenga waliiweka kwa dharura. Ifungue na usiifunge tena. Tenki litajaa, malalamiko yataisha siku hiyo hiyo, na utaitwa mchapakazi. Mwendesha mtambo anayejua kazi yake hufanya mambo mengine kabisa: hufunga bwawa moja la mchanga, hushusha maji kidogo, hukwangua sentimita moja au mbili za juu kwa koleo bapa, kisha huuacha utando uote upya huku bwawa la pili likiendelea kuhudumia watu. Kwa sababu hiyo mabwawa hujengwa mawili. Ukipata nafasi ya kukaa kwenye kikao cha usanifu, shauri lijengwe moja ili kubana matumizi. Utakuwa umemaliza kazi kabla ya tofali la kwanza.

Taa ya mionzi ya urujuanimno haihitaji maelezo marefu. Huua vijidudu ikiwa mpya, na baada ya saa 8,000 au 9,000 hivi, yaani karibu mwaka wa kuwaka mfululizo, nguvu yake ya kuua inakuwa imeshuka huku mwanga wa buluu ukionekana vile vile. Iache iwake. Anayetazama mwanga ataridhika.

Hata hivyo, mahali panapofaa kuliko pote kwa kazi hii ni miteremko ya Mlima Meru. Mito na chemchemi za huko hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilivumilia hadi 8, baadaye hadi 4, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine, na leo kiwango ni 1.5. Floraidi haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua kwa mvuke nayo inabaki sufuriani, nzito zaidi kuliko mwanzo. Inajionyesha kwenye meno ya watoto, kwa mabaka ya kahawia ambayo mswaki hauyafuti, na kwa walioinywa nyingi zaidi inajionyesha kwenye mifupa, miguu ya mtoto ikapinda. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive haraka yanaongeza floraidi nyingine juu ya ile ya maji.

Kwa ugunduzi hatukosi. Kituo cha Ngurdoto, kilichowekwa mahsusi kwa utafiti wa kuondoa floraidi, kimefanya kazi kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri kwa nyuzi 400 hadi 500 hivi, inasagwa, inapangwa ndani ya ndoo au pipa, na maji yanapita humo yakiacha floraidi. Ng'ambo ya mpaka, Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza na kusambaza mkaa huo huo kwa watu wa Bonde la Ufa. Njia ya shabu na chokaa, iliyobuniwa Nagpur, India, na kupewa jina la mji wa Nalgonda, nayo ilijaribiwa Arusha; inataka mtu akoroge na kusubiri kila siku, na kwa hiyo inakufa kwa uchovu wa mkorogaji. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake. Watu wenye akili na moyo wapo. Wewe muuaji unaingia baada yao, mwezi wa saba, wao wakiwa wamesharudi maabara.

Hatua yako ni moja tu: gawa ndoo zilezile kwa kila kijiji, na kwenye kila ndoo bandika tarehe ileile ya kubadilisha mkaa. Fuata hesabu uone inavyoua. Tuseme ndoo ina kilo 20 za mkaa, na kila gramu inaweza kushika miligramu 2 za floraidi kabla ya kuchoka. Hapo una nafasi ya miligramu 40,000. Kijiji cha kwanza kina maji ya miligramu 6 kwa lita na unataka yashuke hadi 1, kwa hiyo kila lita inaacha miligramu 5 ndani ya mkaa. Mkaa utahudumia lita 8,000. Familia inayotumia lita 40 kwa siku kwa kunywa na kupikia itafika siku ya 200. Kijiji cha pili, kilomita chache tu kutoka hapo, kina maji ya miligramu 12. Kila lita inaacha 11, na mkaa uleule unajaa baada ya lita 3,600 na kidogo, yaani siku 90 hivi. Ukiandika "badilisha baada ya miezi sita", kijiji cha pili kitakunywa floraidi kwa miezi mitatu kikiwa na chujio safi jikoni, ndoo imefunikwa vizuri, mama ameridhika. Na mifupa ikichomwa vibaya hesabu inazidi kukusaidia: moto mdogo unaacha mafuta na harufu, moto mkubwa mno unaua uwezo wa mkaa wenyewe.

Mkaa hausimami ghafla. Maji ya wiki za mwanzo yanatoka karibu bila floraidi, kisha kiasi kinapanda taratibu, 0.3, 0.8, 1.4, 2.5, mpaka yanayotoka yanalingana na yanayoingia. Ulimi hauwezi kutofautisha namba hizo. Kipimo kinaweza, nacho kinachukua dakika chache, kwa hiyo kipimo kisifike kijijini. Hili linanichoma kuliko mengine yote, kwa sababu meno ya kudumu ya mtoto yanajengeka mpaka umri wa miaka 8 hivi. Mwaka mmoja wa mkaa uliojaa ndani ya miaka hiyo haulipwi kwa kubadilisha mkaa mwaka unaofuata.

Sasa klorini, ambayo vijiji vingi zaidi vinaitegemea. Klorini ya unga ikiwa mpya ina asilimia 65 hadi 70 ya klorini inayofanya kazi. Ndoo yake ikikaa wazi kwenye stoo yenye joto na unyevu, nguvu inapungua mwezi hadi mwezi. Kwa hiyo iache wazi, na uendelee kupima kwa kijiko kile kile cha siku ya kwanza. Maji yakiwa na tope, usiongeze wala usichuje kwanza, maana tope linakula klorini kabla ya bakteria. Ukilazimishwa kupima, pimia tenkini pale pale ulipomimina. Usitembee hadi bomba la mwisho la kijiji, kwenye nyumba za bondeni ambako maji yanafika baada ya saa nyingi na ambako inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kidonge cha kupimia kinageuza maji kuwa ya waridi. Kadiri waridi linavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Kuna jambo moja la kumficha mwendesha mtambo mpya: klorini ikizidi mno inaifuta rangi hiyo, maji yanabaki meupe, na asiyejua ataandika sifuri kisha ataongeza kijiko kingine.

Halafu lipo daftari. Mpe mwendesha mtambo daftari lenye safu ya kila siku, usimpe vidonge vya kutosha, wala posho, kisha mkague kwa ukamilifu wa safu. Atafanya ambacho binadamu yeyote angefanya. Jumatatu atajaza wiki nzima: 0.5, 0.5, 0.5, 0.5. Mkaguzi atapiga muhuri.

Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada, wenye watu wasiofika 5,000, ulifika mwisho wa njia hii Mei 2000. Mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe kutoka shamba la jirani ikaingia kwenye kisima kifupi cha mji. Mkulima hakuwa na kosa, na tume ya uchunguzi ilisema hivyo. Bakteria hatari aina ya E. coli waliingia kwenye mabomba, klorini haikutosha kuwazuia, na majibu mabaya ya maabara yalipofika, meneja wa maji wa mji aliyaficha. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Tume iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilikuta mazoea ya miaka mingi ya kutopima klorini kila siku na kuandika namba za kubuni, mara nyingi 0.5 au 0.75. Ilisema pia kwamba vifaa vya kupima klorini na tope muda wote kwenye kisima hicho vingezuia vifo vile. Kanada ina maabara, ina sheria, ina umeme usiokatika. Daftari lenye namba nzuri lilishinda vyote hivyo.

Kwa hiyo mkaguzi anayetaka kukuzuia atafute daftari baya. Daftari la kweli lina 0.4, kisha 0.6, kisha 0.1 na maelezo ya haraka pembeni kwamba mvua imenyesha, kisha siku mbili tupu kwa sababu vidonge viliisha, kisha malalamiko ya mama fulani kwamba maji yananuka dawa. Ukiona daftari la namna hiyo mahali, lipokonye na ulete jipya lenye jalada zuri.

Kama yote haya yameshindwa na mtambo bado unafanya kazi, una njia moja ya mwisho, nayo haigusi mtambo. Wahimize watu wanywe maji salama mara nyingi, si mara zote. Shambani wanywe ya kijito, shuleni watoto wanywe ya bomba la nje, kwenye msiba wanywe ya pipa. Joe Brown na Thomas Clasen walichapisha mwaka 2012 hesabu inayoonyesha kwamba matumizi yakishuka kutoka asilimia 100 hadi 90, faida ya kiafya inayotarajiwa inaweza kushuka kwa hadi asilimia 96 pale maji ya asili yalipo machafu sana. Siku moja kati ya kumi inatosha. Magharibi mwa Kenya walikupinga kwa kuweka chupa kubwa ya klorini pale pale kisimani, bure, ili mtu afungue na kutia kiasi kilichopimwa akiwa anachota, na jirani mmoja aliyechaguliwa na wenzake alipewa kazi ya kuijaza. Zaidi ya nusu ya kaya zikatumia, wakati ya dukani ilinunuliwa na wachache mno. Wewe peleka klorini dukani, kilomita nne kutoka kisimani, na umwondoe huyo jirani.

Jambo la fedha nimeliacha nyuma kwa kuwa ndilo linaloua kwa uhakika zaidi. Sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini Tanzania, inatambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na vyombo hivyo hupanga bei ya ndoo. Bei hiyo iwekwe kwa kuangalia dizeli au umeme wa pampu peke yake, maana pampu ina kelele na itadai chake. Mchanga, mkaa, taa na vidonge havidai. Turudi kwenye ile ndoo ya mkaa wa mifupa: lita 8,000 ni ndoo 400 za lita 20. Tuseme mkaa mpya, nauli na kipimo vinafika shilingi 60,000. Ni shilingi 150 kwa kila ndoo, zitengwe tangu siku ya kwanza. Katika kijiji cha miligramu 12 mkaa unajaa baada ya ndoo 180 hivi, na gharama inafika shilingi 330 hivi kwa ndoo. Hesabu hii isisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Ikisomwa, mtu aliyekaa nyuma atauliza kwa nini wenye maji mabaya zaidi ndio walipe zaidi ya mara mbili, diwani atalazimika kulibeba swali hilo hadi halmashauri, na huko mtu anaweza kulijibu kwa kutenga fedha ya mkaa kabla ule wa kwanza haujajaa.